Waachapo Kazi Wawili na Kuhama Mji

Safari ya Nairobi imekuwa nyepesi mno siku hizi. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka wa 2017, mtu hupanda gari la moshi Miritini asubuhi na alasiri haijaadhiniwa yuko Syokimau, masanduku yake juu ya kichwa cha mchukuzi. Wepesi huo wa njia huwafanya watu wadhani kuwa na kuhama kwenyewe ni kwepesi.

Mwishoni mwa mwaka uliopita tulijiwa na mume na mke wa hapa Mombasa, tuliowaomba ruhusa ya kuyataja yao pasi na majina. Mume ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mke ni mwalimu wa shule ya binafsi. Wana miaka tisa ya ndoa na watoto wawili. Mume amepata jamaa wa kushirikiana naye biashara ya vitambaa Eastleigh, na alitaka wote wawili waandike barua za kuacha kazi mwezi ule ule, wauze vyombo, wahame. Mke hakukataa. Aliuliza jambo moja tu: mshahara wake ndio uliokuwa ukilipa ada ya madrasa ya watoto na dawa za mamake, je, utakapokatika, nani atalipa? Mume akamjibu kuwa Mwenye kuruzuku ni Mwenyezi Mungu. Jibu hilo ni la kweli, lakini silo jibu la swali aliloulizwa.

Hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Nafaka ya mke na watoto, na maskani yao, ni juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake. Hayo yamo katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6 na ya 7. Mshahara wa mke ni mali yake. Akiutia nyumbani, hiyo ni sadaka na wema. Zainab, mkewe Ibn Mas'ud (r.a.), alipouliza kuhusu kumpa mumewe sadaka, Mtume (s.a.w.) alimbashiria ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Basi mume anapomwambia mkewe aache kazi, anamwomba aache kitu ambacho sicho chake yeye mume. Katika nyumba nyingi hesabu ya kuhama hufanywa kwa mshahara mmoja tu, wa mume: umekatika huku, utapatikana kule. Wa mke hauandikwi popote, kana kwamba ulikuwa ukianguka kutoka mbinguni.

Wako watakaotuambia kuwa mke humfuata mumewe aendako. Katika madhehebu yetu ya Shafii, hata mke aliyeshurutisha wakati wa kuolewa kuwa asitolewe mjini kwao, sharti hilo halimfungi mume. Imam Ahmad yeye aliona linamfunga, na mke ana haki ya kuvunja ndoa likivunjwa. Lakini kuwa na haki ya jambo hakumwondolei mtu wajibu wa kushauriana.

Na tukitaka mfano wa wanandoa waliohama, tumtazame Ummu Salama (r.a.). Yeye na mumewe Abu Salama walikwisha kuhamia Uhabeshi, wakarudi Makka, kisha wakaazimia Madina. Njiani jamaa zake mke wakamzuia, na jamaa za mume wakamnyang'anya mtoto wao Salama. Mume akaenda peke yake. Ummu Salama akawa kila siku anatoka kwenda Abtah kulia, karibu mwaka mzima, mpaka binami yake mmoja akamhurumia, akaachiwa na mtoto akarudishwa. Alipanda ngamia peke yake na mwanawe. Alipofika Tan'im alikutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hajasilimu, naye akamsindikiza kwa adabu kubwa mpaka Quba. Hasara yake katika hijra ile haikumezwa ndani ya hasara ya mumewe. Vitabu vya sira vimeiandika peke yake. Na ndiye yule yule ambaye, akiwa sasa mkewe Mtume, mwaka wa 6 wa Hijra pale Hudaybiya, ushauri wake ulifuatwa masahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa.

Ugeni nao una maumivu yake. Abu Bakar na Bilal (r.a.) walipofika Madina walishikwa na homa, na Bilal akawa anazitamani chemchemi na majani ya Makka. Mtume (s.a.w.) hakuwalaumu, aliomba Madina ipendeke kwao. Wa kwetu wanaokwenda Nairobi hukutana na baridi ya Julai, na ghorofa ambayo jirani hamjui jirani. Marikiti iko kule kama ilivyo huku, na nazi zimo. Anayekosekana ni mama mkwe wa kumwachia mtoto nusu saa.

Tuliwakumbusha pia kuwa riziki ya mji hugeuka. Mizigo ilipoamriwa kwenda kwa reli hadi bandari ya nchi kavu ya Nairobi, wako mawakala walioifuata. Mwaka wa 2022 agizo likabatilishwa, kazi ikarudi Mombasa, na wao wamekwisha kuuza vyombo. Yule mume aliyajua hayo kuliko sisi.

Istikhara waliswali, lakini baada ya mume kumwahidi jamaa yake. Istikhara huswaliwa mtu akiwa bado ana njia mbili mbele yake.

Tukawaambia waanze na karatasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtaka alipwaye kwa mwezi atoe ilani ya siku 28 kwa maandishi; naye ana haki ya malipo ya siku za likizo alizochuma bila kuzitumia, na ya cheti cha utumishi, ambacho mwalimu atakihitaji akiomba kazi kule. Asiondoke kimya kimya. Mwenye mkopo wa chama azungumze kwanza na wadhamini wake, maana wao hawahami. Na ikiwa akiba ya mke itaingia katika mtaji, isemwe wazi ni zawadi au ni deni. Ikiwa ni deni, aya ya 282 ya Al-Baqara imekwisha kutufundisha kuandika na kushuhudisha. Baadhi ya waume huona haya kuandikiana na mke. Haya hiyo hatujui imetoka wapi.

Walibishana mbele yetu kwa muda, hasa juu ya jokofu na kabati, vilivyonunuliwa kwa mshahara wa mke. Mwishowe mume alitoa barua yake peke yake, akaenda Januari. Mke alimaliza muhula, akapokea cheti chake, akafuata na watoto likizo ya Aprili. Dawa za mamake zimeandikwa katika matumizi ya kila mwezi ya nyumba, mume mwenyewe akazikubali. Shilingi 180,000 za mke zimeandikwa deni, za kulipwa kwa miaka miwili. Mashahidi ni ami yake mume na kaka yake mke, na karatasi anayo huyo kaka, Majengo. Jokofu halikuuzwa.