Jini Mahaba katika Masimulizi ya Viunga vya Dar es Salaam

Katika masimulizi yasikikayo Kinondoni, Temeke, Mbagala na viunga vingine vya Dar es Salaam, limo moja ambalo ni vigumu kumpata mkazi asiyelijua, nalo ni la mwanamke mzuri wa usiku ambaye si mtu bali ni jini. Wengi humwita jini mahaba. Makala haya yakusudia kueleza umbo la kisa hicho na lugha yake, kisha jinsi jina hilo linavyotoka katika kisa na kuingia katika maisha ya watu. Jambo hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Kisa chenyewe, katika umbo lake la kawaida, ni hiki. Kijana, mara nyingi dereva wa teksi, arudi nyumbani usiku wa manane. Kando ya barabara amwona mwanamke aliyejitanda vizuri, anukia udi na asumini, naye aomba lifti. Wazungumza na kupendezana. Mwanamke anaposhuka, nguo yainuka kidogo, na mahali pa nyayo kijana aona kwato za punda. Akimbia mpaka kwa mlinzi wa usiku aliye karibu na kumweleza aliyoyaona, mlinzi ainua kanzu yake na kumwuliza, "Kwato zenyewe ni kama hizi?" Kwa namna ya pili, kijana afuatana na mwanamke hadi kwenye nyumba ya fahari, alala kwenye kitanda laini, na alfajiri ajikuta yu juu ya kaburi katika makaburi ya Kinondoni.

Kwato hizo si ngeni. Sura ya An-Naml, aya ya 44, yasimulia jinsi Malkia wa Sabaa, ambaye wasimulizi humwita Bilkisi, alivyoidhania sakafu ya kioo ya Nabii Suleiman kuwa ni maji, akaifunua miundi yake. Wasimulizi wa Kiarabu waliofuata waliongeza kwamba majini yalikuwa yamemsingizia kuwa na miguu ya punda. Katika nchi za Ghuba husimuliwa habari za Umm Duwais, mwanamke mzuri mwenye manukato ambaye naye ana miguu ya punda. Na huko Moroko yuko Aisha Kandisha, mwenye kwato. Bahari ya Hindi imekuwa njia ya watu, bidhaa na hadithi kwa karne nyingi, wala si ajabu jamaa hao kufanana. Lakini kutaja asili hakutoshi. Yapasa kuuliza kwa nini kisa hiki, tofauti na ngano, husadikiwa.

Jibu moja limo katika lugha. Ngano ya Kiswahili ina mlango wake: msimulizi asema "Paukwa!" na wasikilizaji waitikia "Pakawa!" Kwa maneno hayo mawili wote wamekwisha kupatana kwamba yatakayofuata ni ya kubuni. Katika mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870 yamo maajabu mengi, kama kisa cha Hasibu na Sultani wa Nyoka, na hakuna anayedaiwa ushahidi. Kisa cha jini mahaba hakina mlango huo. Huanza kama habari: "Umesikia yaliyotokea juzi Tandika?" Kisha hufuata silsila ya mashahidi. Msimulizi hakuona mwenyewe, ila shemeji yake anajuana na jirani wa dereva. Msikilizaji hakupewa nafasi ya kuitikia "Pakawa". Abaki kuamini, ama kumwita mwenzake mwongo.

Upatanisho wa kisarufi nao hufanya kazi. Msimulizi hodari husema "dada akapanda, akaketi, akatabasamu", na baada ya kwato kuonekana aweza kusema "jini likacheka". Kwa kubadili a- kuwa li-, mpenzi ametolewa katika ubinadamu bila neno lolote la kueleza.

Jibu la pili limo katika mji. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilionyesha zaidi ya watu 128,000 Dar es Salaam. Ile ya mwaka 2022 ilionyesha 5,383,728. Magomeni, Temeke na Kinondoni, zilizopangwa kuwa makazi ya Waafrika hasa katika miaka ya 1950, zilikuwa pembezoni wakati ule; leo mji umezipita mbali. Palipo na ukoo, mchumba huulizwa "Wewe wa nani?" Katika kiunga kipya hapana wa kuuliza wala wa kujibu. Kisa hiki chatoa jibu la kutisha kwa swali hilo: mgeni umpendaye humjui, na dalili yake imefichwa chini ya nguo. Filamu nazo zililiona jambo hili. Shumileta ya Mussa Banzi, ya miaka ya 2000, ilimweka jini mwanamke katika mapenzi na binadamu.

Sasa twafika kwenye uzito wa jambo. Katika kisa, jini ni mwanamke na mwathiriwa ni mwanamume. Katika uganga, jina lile lile mara nyingi hugeuka: mgonjwa ni mwanamke, na jini mahaba ni mume asiyeonekana, mwenye wivu. Binti aliyechelewa kuolewa, mke asiyeshika mimba, ama mtu aotaye ndoto nzito, aweza kuambiwa kwamba ana jini. Gharama hufuata, talaka pengine, na ugonjwa wenye dawa hospitalini hukawia kutibiwa. Hata neno jinamizi huvutwa huko, ingawa muundo wake waelekea zaidi kwenye kitenzi inama kuliko kwenye jini. Matabibu hueleza kwamba mtu aweza kuzinduka akili ilhali misuli ingali imefungwa na usingizi, akahisi uzito kifuani na kuwapo kwa mtu chumbani. Anayelala hivyo hasemi uongo. Amekosa jina jingine tu.

Uvumi unaotafuta mwili huweza kuua. Mwaka 1995, habari za Popobawa zilipoenea Pemba na Unguja, mtu mmoja aliyedhaniwa kuwa ndiye aliuawa na umati wa watu.

Kwa hiyo mtunga kamusi atakayeliingiza jina jini mahaba hana budi kuzitenga maana zake mbili: kiumbe wa kisa, na hukumu juu ya mtu aliye hai. Mkusanyaji wa masimulizi naye aandike nani alisema, kwa nani, na kama mlango wa "Paukwa" ulifunguliwa. Jini wa barabarani huishia kisa kinapokwisha. Aliyepewa jina lake huamka nalo kesho yake, akiwa bado na majirani wale wale.