Papa si tatizo, tatizo ni boti kukukimbia

ILIKUWA Mei 2023, kwenye maji ya Kualoa, kisiwa cha Oahu, Hawaii. Jamaa mmoja ametulia zake kwenye kayaki, zaidi ya kilomita moja kutoka ufukweni, anavua. Ghafla anasikia mlio kama wa boti inayokuja bila injini. Kugeuka hivi, anakutana na mdomo wa papa aina ya tiger, umetanuka, unang'ata ubavu wa kayaki yake.

Kilichomsaidia ni wepesi wa mguu. Aliunyanyua mguu wa kushoto uliokuwa unaning'inia majini, akamsukuma papa kichwani kama beki anayeokoa mpira kwenye mstari wa goli. Papa akaachia, akazama, akatokomea. Kamera iliyokuwa inarekodi kwenye kayaki ilinasa tukio zima na video ikazunguka dunia.

Wengi walioitazama waliondoka na kitu kimoja kichwani: meno. Lakini takwimu za mwaka huohuo zinasimulia mechi nyingine kabisa.

Kumbukumbu za International Shark Attack File, zinazotunzwa Florida, zinaonyesha kuwa mwaka 2023 papa waliua watu 10 duniani kote katika mashambulizi ambayo binadamu hakuwa amewachokoza. Kwa upande mwingine, Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kilihesabu vifo 564 ndani ya nchi hiyo peke yake, kwenye vyombo vya majini vya burudani, kayaki zikiwamo. Kwa wale ambao chanzo cha kifo kilijulikana, robo tatu walikufa maji. Na kati ya waliokufa maji, asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi la kujiokolea, lile ambalo wengi hulifahamu kama laifu jaketi.

Ni kama watu tisa kati ya kumi hivi.

Sheria ya shirikisho ya Marekani inataka kila aliyemo ndani ya kayaki awe na jaketi lililoidhinishwa. Kwa mtu mzima, sheria hiyo inataka liwepo tu. Hapo ndipo shughuli inapoanzia, maana kuwa nalo na kulivaa ni vitu viwili tofauti.

Mchezo wenye pesa na kanuni

Kwa asiyeufahamu mchezo huu, kuvua kwa kayaki si tena jambo la mtu mmoja na kimtumbwi chake cha plastiki. Kampuni ya Hobie ilianzisha mashindano yake ya dunia mwaka 2011 nchini Australia. Bassmaster, jina kubwa zaidi kwenye uvuvi wa ushindani Marekani, nao walizindua msururu wao wa mashindano ya kayaki mwaka 2020.

Samaki anayesakwa zaidi kwenye mashindano ya Marekani ni bass, yuleyule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Mshindani akimnasa anamlaza kwenye ubao wenye vipimo, anampiga picha, kisha anamrudisha majini akiwa hai. Urefu wa samaki watano bora ndio unaoamua bingwa. Hakuna mzani wala ndoo ya kubebea samaki.

Na kwenye mashindano hayo jaketi linavaliwa mwilini muda wote. Ni kama vilinda ugoko kwenye soka. Kanuni ya Nne ya mchezo inamtaka kila mchezaji avivae, na mwamuzi hataki kusikia kwamba umeviacha kwenye begi.

Tatizo ni mtu anayejinunulia vifaa vyake mwenyewe, bila mwamuzi wa kumkagua. Huyu akiingia dukani pesa inaanza kutoka kwenye vitu vinavyong'aa: kifaa cha sona cha kuonyesha samaki walipo, betri yake ya lithiamu, vishikio vya fimbo, kiti chenye mto. Vyote vizuri. Lakini vyote vinafungwa kwenye kayaki, na kayaki ndiyo kitu cha kwanza kumtoroka mwenyewe akidondoka.

Hili linahitaji kueleweka vizuri. Kayaki ya kuvulia ni pana na inatulia, lakini haina matengo ya pembeni kama ngalawa. Mtu akijinyoosha kumnasa samaki upande mmoja, au akisimama vibaya, inaweza kumwaga kila kitu. Ikishamwaga mzigo inakuwa nyepesi, imeelea juujuu, na upepo unaichukua kirahisi. Mtu aliyevaa nguo zilizolowa, anayeogelea kwenye mawimbi, anaweza kuifukuza dakika nzima na umbali ukazidi kuongezeka. Simu imo kwenye kayaki, redio imo kwenye kayaki, filimbi imefungwa kwenye kiti. Yeye yuko majini na kofia yake.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa kila kifaa cha usalama linapaswa kuwa hili: kikitokea cha kutokea, hiki nitakuwa nacho mimi au kitakuwa na boti?

Jaketi la kukaa nalo siku nzima

Wengi hulivua jaketi kwa sababu linawakera, na mara nyingi wana haki ya kukereka. Jaketi la kawaida lina sponji nene mgongoni hadi kiunoni, wakati kiti cha kayaki ya kuvulia kina egemeo refu. Vitu hivyo viwili vinagombana. Mvuaji anasukumwa mbele, mgongo unauma, saa ya pili jaketi linavuliwa na kuwekwa nyuma ya kiti. Likishafika huko halina kazi tena.

La kutafuta ni lile ambalo sponji yake ya mgongoni imepandishwa juu, usawa wa mabega, na chini limeachwa na wavu tu. Mbele liwe na mifuko ya kutosha filimbi, kisu na redio, ila lisivimbe kupita kiasi, kwa sababu mtu anayerudi kwenye kayaki hupanda kwa tumbo. Kifua kikiwa na mzigo kama wa konda wa daladala, kinakwama ukingoni.

Kulijaribu ni rahisi. Livae, kaza mikanda yote, kisha mwambie mtu alivute juu kwenye mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa au halijakazwa. Halafu kaa kitako kwenye kiti na uzungushe mikono kama unapiga kafi. Likikukwaruza makwapa dukani, baharini litakutesa.

Yapo pia majaketi membamba yanayojazwa upepo kwa mtungi mdogo wa gesi. Haya ni mepesi, hayana joto, na wapo wanaoyapenda kuliko yote. Lakini yanataka nidhamu. Mtungi unakaguliwa mara kwa mara, maana ukishatumika au ukiwa umelegea, hilo si jaketi tena, ni mkanda wa shingoni. La kujifungua lenyewe linaweza kushtuka kwa maji mengi ya mawimbi, na la kuvuta kamba linamtaka mwenye nalo awe na fahamu zake. Kwa anayeanza, sponji haina maneno mengi.

Halafu kuna namba ambazo wauzaji wengi hawazielezi. Katika viwango vya kimataifa vya ISO, jaketi la nyutoni 50 ni la kumsaidia mtu anayejua kuogelea, akiwa karibu na msaada. Halikusudiwi kumgeuza aliyezimia ili uso uangalie juu. Kazi hiyo ni ya majaketi ya kuanzia nyutoni 100, na la 150 ndilo la kwenda mbali zaidi na nchi kavu. Mengi yanayouzwa kwa ajili ya kayaki yako kwenye lile kundi la kwanza. Yanafaa, ila mnunuzi ajue anachonunua.

Filimbi, kisu na sauti ya mbali

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho kinachosahaulika zaidi. Filimbi, ikiwezekana ile isiyo na kokwa ndani, maana kokwa ikilowa huleta ubishi. Inafungwa kwenye jaketi, karibu na mdomo. Binadamu anayepiga kelele katikati ya upepo anachoka haraka na sauti haifiki popote, lakini filimbi inafanya kazi hata kwa pumzi ya mtu aliyekwisha.

Pembeni yake kiwe kisu kifupi, cha ncha butu, kinachochomoka kwa mkono mmoja. Si cha kupara samaki. Ni cha kukata mshipi au kamba ya nanga iliyokuzunguka mguu.

Simu ni ya kwenda nayo, kwenye mfuko usiopitisha maji, lakini kuitegemea peke yake ni kujidanganya. Mtandao unaisha, na kioo cha kugusa hakielewani na vidole vilivyolowa. Baharini redio ya mkononi ya VHF ina faida nyingine: ukiita kwenye chaneli 16, anayesikia si mtu mmoja uliyempigia, ni kila chombo kilicho karibu na redio yake iko wazi. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi ya VHF husafiri kwa mstari ulionyooka. Ukiwa umekaa chini kabisa, kichwa usawa wa maji, hayafiki mbali.

Kwa anayetoka mbali kweli kuna kifaa kidogo cha dharura kinachotuma ishara kwa satelaiti kwenye masafa ya 406 MHz, kupitia mfumo wa Cospas-Sarsat ambao uokoaji wake wa kwanza ulifanyika mwaka 1982. Hakina malipo ya kila mwezi, kinabonyezwa mara moja tu siku mambo yakiharibika. Bei yake ni mamia ya dola, sawa na sona ya kawaida. Mvuaji anayeweza kununua sona na akashindwa kununua hiki, ameshaamua kipi ni muhimu kwake.

Pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako wavuaji wa kayaki husaka nguru, kuna njia nyingine isiyo na gharama. Taasisi ya uokoaji baharini ya nchi hiyo, NSRI, ina programu ya simu iitwayo SafeTrx. Unaandika unakokwenda na saa ya kurudi, programu inafuatilia safari, na ukichelewa kurudi watu uliowaandikisha wanapata taarifa. Asiye na programu anaweza kumwachia mkewe au rafiki karatasi yenye maelezo hayohayo.

Kamba nyingi, shida nyingi

Pwani hiyohiyo ina funzo jingine. Kuingia baharini kule ni kuvuka mawimbi yanayopasuka, na wenyeji hawaachi fimbo zikiwa zimesimama kama antena. Kila kitu kinaingizwa ndani au kinafungwa chini kabla ya kuondoka mchangani, kwa sababu kayaki ikipinduka kwenye wimbi, ndoana zinageuka kuwa silaha dhidi ya mwenye nazo.

Kamba ya kuunganisha kafi na kayaki inafaa. Kuna wanaofunga pia kamba kutoka mwilini hadi kwenye boti, na kwenye maji wazi yenye upepo inaleta maana, kwani ndiyo inayozuia ule utoro. Lakini kwenye mto wenye mkondo au mawimbi ya ufukweni, kamba hiyohiyo inaweza kukushikilia chini. Hapo iondolewe.

Nanga nayo ina siri yake. Haifungwi ubavuni. Mkondo ukivuta kamba iliyofungwa katikati, kayaki inalala na kupinduka. Ifungwe mbele au nyuma, na iwe na namna ya kuachia haraka.

Kuhusu kuonekana, jaketi la kijani cha kupoteana na maji ni zuri dukani tu. Dereva wa boti ya injini, jua likiwa machoni, haoni kayaki hadi aikaribie. Rangi ya chungwa au njano, bendera juu ya mlingoti, na usiku taa nyeupe. Hakuna mengi ya kuongeza hapo.

Kwenye nchi za baridi kuna adui mwingine, maji yenyewe. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, anafahamika kwa kanuni ya 1-10-1: dakika moja ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakusikiliza, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Ndiyo maana wazoefu wa huko wanavaa kulingana na maji, hata kama jua linawaka.

Lakini iwe maji baridi au ya moto, kuna zoezi moja ambalo halina duka. Kayaki inapelekwa kwenye maji ya kufika kifuani, mvuaji akiwa amevaa kila kitu, na anajiangusha makusudi. Anaigeuza, anaishika katikati ya ubavu, ananyoosha miguu juu ya maji na kuipiga kwa nguvu, anajivuta hadi tumbo livuke ukingo, anajigeuza, anakaa.

Mara ya kwanza wengi hushindwa. Akifanikiwa, aangalie vitu gani vinaelea vinaenda zake na vipi vimebaki kwenye jaketi. Orodha ya kurudi nayo dukani itakuwa hapohapo juu ya maji.