Sheria kwa alama: Lodwar ichague chombo gani?

Sheria ya Petroli ya Kenya, namba 2 ya mwaka 2019, inaipa serikali ya kaunti fungu linalolingana na asilimia 20 ya mgao wa serikali kuu, na jamii ya mahali asilimia 5. Kwa mkazi wa Nawoitorong, Lodwar, tarakimu hizo si za mchezo, kwani mafuta yaligunduliwa Turkana katika kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012. Lakini anayetaka kukisoma kifungu chenyewe lazima awe na hakika kwamba nakala aliyo nayo ina marekebisho yote.

Hapo ndipo uchapaji wa kawaida unaposhindwa. Karani akikoza wino kichwa cha kifungu, msomaji huelewa, kompyuta haielewi. Ndiyo sababu ulibuniwa mfumo wa alama uitwao Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan yenye maana ya mioyo iliyounganishwa. Ulianzia katikati ya miaka ya 2000 katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuyasaidia mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 muungano wa OASIS uliuidhinisha kuwa kiwango cha kimataifa. Kila sehemu na kila kifungu hufungwa kwa alama inayotaja ni kitu gani. Tovuti ya Kenya Law huutumia: katika anwani ya sheria hiyo ya petroli mna akn, ke, act, 2019 na 2, yaani mfumo, nchi, aina ya hati, mwaka na namba.

Alama hizo zaweza kuandikwa kwa mkono katika kihariri cha matini tupu kama Emacs. Ni cha bure, ni chepesi, hakihitaji intaneti, na kikipewa kanuni za mfumo kwa umbo kinalolielewa hukagua makosa papo hapo. Hata hivyo, karani aliyezoea Word atachoka kabla ya ukurasa wa pili. Programu ya oXygen, itokayo Romania, yaweza kumfichia alama, ila leseni yake hulipiwa.

Indigo, ya shirika la Laws.Africa la Afrika Kusini, imefuata njia nyingine, na pengine ndiyo yenye busara zaidi kwa bunge la kaunti. Mhariri huandika matini ya kawaida, akitanguliza kila kifungu kwa neno fupi la herufi kubwa. Programu yenyewe huyageuza kuwa alama. Ni ya bure, ingawa huhitaji seva na fundi wa kuitunza.

Faili moja likishakamilika, hutoa kitabu na ukurasa wa simu bila kuchapwa upya, jambo la manufaa kwa mkimbizi wa Kakuma anayeitafuta Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021.

Kisichofanywa na chombo chochote ni kutambua kwamba asilimia 5 imechapwa 50, kwa kuwa alama zote zitakuwa sahihi. Kwa kazi hiyo wanahitajika watu wawili: mmoja asome kwa sauti nakala ya Gazeti Rasmi, mwingine afuatilie kwenye skrini, tarakimu kwa tarakimu.