Kabla ya Kusawazisha Shamba la Wazee Wetu



Wengi wetu tuliokulia mijini tuna shamba ambalo twalijua kwa jina tu. Lilikuwa la babu, likalimwa na kuvunwa. Kisha wenyewe wakafariki, watoto wakafuata masomo na kazi, na leo ni kichaka cha miiba. Familia yetu nayo ina shamba kama hilo, ekari sita katika miteremko ya Kwale. Kilichotuamsha ni khofu. Sheria ya Kenya humwezesha mtu aliyeikalia ardhi ya mwengine waziwazi, bila ya idhini na bila ya kukatizwa kwa miaka 12, kwenda mahakamani kuomba aandikishwe kuwa mwenyewe. Basi tukaazimia kulifyeka na kulisawazisha. Twayaeleza yaliyotupata kwa kuwa tulikaribia kufanya kosa lisilorekebishika.

Siku ya tingatinga

Ilikuwa mwezi wa Februari, jua la Kaskazi likiwaka na ardhi imekauka. Tulikodi tingatinga kwa siku mbili. Lilianzia upande wa chini, likisukuma vichaka, mizizi na udongo kwa pamoja hadi ukingoni. Kufikia adhuhuri ekari moja ilikuwa laini kama sakafu, nasi tukawa tunapigana picha kwa furaha.

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa amekuja na chakula cha wafanyakazi. Tulimwona akiliweka sinia chini, akatembea hadi mbele ya mashine, akasimama.

"Wanangu, simamisheni," alisema. "Chini ya mkwaju huo wamelala wanangu wawili."

Dereva alizima injini. Hakuna aliyenena. Hatukuwa tumesikia kamwe khabari za watoto hao, mmoja wa siku saba na mwengine wa miezi minane, waliofariki kabla ya sisi kuzaliwa. Makaburi yao hayakujengewa. Yalitiwa mawe tu upande wa kichwa, na mawe yamezama katika majani. Zilikuwa zimebaki hatua kumi hivi. Dini yetu imetukataza hata kulikalia kaburi, sembuse kulipitishia chuma.

Tulipomuuliza mbona hakutwambia mapema, alijibu kwa upole, "Hamkuniuliza, wanangu. Niliona mwazungumza na wenye mashine."

Alasiri ile alitutembeza shamba zima. Akatuonyesha kisima cha zamani kilichozibwa kwa matawi, ambacho kingaliweza kummeza mtu. Akatuonyesha pia bonde jembamba ambalo wakati wa Kaskazi halionekani kuwa ni kitu, lakini Masika hugeuka kuwa mto. Tulimlipa dereva ujira wake wote tukamruhusu aende.

Udongo uliokwenda ukingoni

Kosa la pili tulilitambua mvua ziliponyesha. Katika ekari ile iliyolainishwa, maji yalituama sehemu moja na kuchimba mifereji sehemu nyengine. Mahindi yaliota, yakafika magotini, yakageuka manjano. Lakini juu ya rundo la takataka lililosukumwa ukingoni, magugu yalistawi kuliko mahali popote.

Hapo ndipo tulipofahamu. Udongo mweusi wa juu, wenye majani yaliyooza na vijidudu vyenye kuulisha mmea, ni tabaka jembamba. Mashine yetu iliukwangua pamoja na vichaka, ikatuachia udongo mwekundu wa chini usio na chakula. Tulitumia majuma mengi kuurudisha kwa toroli, tukichambua mizizi kwa mikono. Mwenye kukodi mashine na aamrishe kwanza udongo wa juu ukusanywe kando peke yake, kisha urudishwe baada ya kusawazisha. Sisi hatukulijua hilo.

Kuchoma moto nako tulikukataa. Moto huondoa kichaka kwa siku moja, lakini huunguza hayo majani yaliyooza na kuiacha ardhi uchi mbele ya mvua ya kwanza.

Kazi ya mikono

Kaskazi iliyofuata tulianza upya. Tulifyeka kwa panga, tukitanguliza fimbo ndefu kwa ajili ya nyoka, na watoto tukawaweka mbali. Visiki tulivichimba pembeni kwa sururu, tukakata mizizi kwa shoka, kisha tukavinyanyua kwa mtaimbo. Matawi tuliyalaza kwa mistari kuukatiza mteremko, yapate kuzuia udongo. Mkwaju na miembe miwili hatukuigusa.

Ili kuujua usawa wa ardhi, tulitengeneza kipimo kisichohitaji fedha. Fito mbili zenye urefu sawa, kama mita 2, hufungwa pamoja juu na kutanuliwa chini, na ufito wa tatu hufungwa katikati kwa ukingamo. Kutoka juu huning'inizwa uzi wenye jiwe. Simamisha miguu miwili juu ya vigingi viwili, utie alama uzi unapogusa ufito wa kati. Kisha ugeuze, mguu wa kulia ukae mahali pa kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Ukikata mteremko hatua kwa hatua, kila uzi unapotulia hapo, miguu yote iko kimo kimoja. Piga kigingi uendelee.

Juu ya mstari wa vigingi tulichimba mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina kama hicho, tukiutupa udongo upande wa juu kuwa tuta. Wakulima huuita mtindo huu "fanya juu", na vilima vya Machakos vilibadilika sura kwa matuta ya namna hiyo. Huko vikundi vya ujirani vinavyoitwa mwethya, ambavyo wengi wa wachimbaji wake walikuwa wanawake, vilihama kutoka shamba moja hadi jengine. Juu ya tuta hupandwa nyasi. Kila mvua inyeshapo, udongo unaoteremka huzuiwa na tuta, na baada ya miaka kadhaa ardhi iliyo baina ya matuta hujisawazisha pole pole, pasina kuupoteza udongo wake wa juu. Hadi sasa tumemaliza ekari mbili. Tatu zingali kichaka.

Haki iliyokuwa chini ya kichaka

Kulikuwa na jambo jengine lililofunikwa. Babu aliacha mtoto mwanamume mmoja, baba yetu, na binti mmoja, shangazi. Fungu la shangazi halikuwa limeandikwa popote, naye kwa haya hakulidai. Tulikuwa tukisafisha shamba "letu", kumbe theluthi yake si yetu. Tulikwenda mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya inaitambua katika mirathi ya Waislamu, kisha tukamwita mpima ardhi aweke mawe ya mpaka. Ekari mbili zikawa zake, nazo kwa ombi lake ziko upande wa mkwaju.

Basi, ndugu zetu, kabla ya panga la kwanza, mchukueni mwanamke mzee kuliko wote katika ukoo mumpeleke shambani. Mwendeni naye taratibu, mumuulize nani amezikwa wapi, maji hupita wapi, na fungu la nani halijatolewa. Kisha ndipo muite wafanyakazi.

Makaburi yale mawili tumeyazungushia mawe. Mahindi yakiwa tayari, shangazi huketi kando chini ya kivuli, akawaombea dua wanawe kabla ya kuanza kuvuna.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu waliotutangulia, na atujaalie kuzitunza amana zao. Amin.