Je, Wajua? Mpito wa Video Huhitaji Picha za Akiba

Mpito laini kati ya vipande viwili vya video, yaani ule ambao picha moja hufifia huku nyingine ikijitokeza juu yake, hauwezi kufanyika vizuri bila picha za akiba. Video ni mfululizo wa picha mnato ziitwazo fremu, mara nyingi 25 kwa sekunde. Hivyo mhariri wa Mkuyuni, jijini Mwanza, anayeunganisha kipande cha maharusi wakitoka kanisani na cha maharusi hao hao wakiwa ufukweni mwa Ziwa Victoria kwa mpito wa sekunde 1, huiachia programu kazi ya kukokotoa fremu 25 za mchanganyiko, ikipunguza uzito wa kipande cha kwanza hatua kwa hatua na kuongeza wa pili kwa kiasi hicho hicho. Fremu za ziada zinazohitajika kwa mchanganyiko huo hutoka kwenye akiba, yaani sehemu iliyorekodiwa kisha ikakatwa; pasipo akiba, baadhi ya programu hugandisha fremu ya mwisho, nyingine hulaza kipande kimoja juu ya kingine, video ikafupika na muziki ukaachana na picha. Mbinu hii ya mpito laini ni kongwe, kwani Georges Méliès wa Ufaransa aliitumia katika filamu yake Cendrillon ya mwaka 1899. Ili akiba ipatikane, basi, mpiga video asizime kamera mara tukio linapoisha. Aiache irekodi sekunde 2 au 3 zaidi.