Kuutafuta Ukoo wa Mbulu na Hanang Kwenye Nyaraka za Taifa

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi wa kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, dhidi ya NAFCO, shirika la umma lililokuwa likilima ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada. Moja ya hoja zilizowaangusha wanakijiji ni kwamba hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Watu waliozikana pale vizazi kwa vizazi walidaiwa ushahidi wa asili yao! Sisemi faili moja lingegeuza hukumu ile. Ninachosema ni kwamba kila ukoo wa Mbulu na Hanang unapaswa kujua kumbukumbu zake ziko wapi.

Nyingi ziko Upanga, Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Kwa sheria ya 2002, nyaraka za serikali hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Wageni wengi hukata tamaa mapema kwa sababu wanaomba faili la ukoo wao, na faili la namna hiyo halipo. Nyaraka hupangwa kwa ofisi iliyoziandika. Hanang ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969, na Mkoa wa Manyara ulizaliwa 2002. Kwa hiyo babu aliyelipa kodi Katesh mwaka 1935 atafutwe Mbulu, chini ya Jimbo la Kaskazini. Tena atafutwe kwa majina ya wakati ule: Wairaqw mara nyingi waliandikwa Wambulu, na Wabarbaig waliandikwa Wamang'ati au Wataturu.

Anza na Kitabu cha Wilaya ya Mbulu, kinachosomwa kwenye mikrofilamu. Humo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za watawala wa kienyeji, koo, mila na mipaka. Kisome kwa tahadhari, maana ofisa aliuliza wazee wachache, mara nyingi kupitia mkalimani, na waliokaa karibu na boma ndio waliosikika zaidi. Mafaili ya Wajerumani, ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 1997 katika rejesta yake ya Kumbukumbu ya Dunia, yanahitaji mtu anayesoma mwandiko wao wa zamani.

Pengo kubwa ni wanawake. Kodi ilidaiwa kwa wanaume, hivyo bibi yako hutamwona kwenye orodha zake. Mtafute parokiani. Daftari la ubatizo huandika mtoto, baba, mama na msimamizi, na pembeni mara nyingi huongezwa ndoa aliyofunga baadaye. Mstari mmoja wa daftari hilo unaweza kukupa vizazi viwili.

Kwa Wabarbaig, ambao wengi wa wazee wao hawakubatizwa, kumbukumbu iko ardhini: bung'eda, kilima cha udongo kinachojengwa kwa miezi juu ya kaburi la mzee aliyeheshimiwa. Baadhi vilipitiwa na matrekta ya mashamba yale ya ngano. Vilivyobaki vipigwe picha, na majina ya waliolala humo yaandikwe.

Kabla hujakata tiketi ya basi, kaa na wazee wa ukoo. Waulize jina la babu wa babu, mahali alipojenga, nani alikuwa jumbe, na njaa au nzige gani walioikuta familia hapo. Mtunza nyaraka hawezi kukusaidia bila mambo hayo, na wanaoyajua wanazidi kupungua. Waulizeni mwaka huu.