Orodha mbili, majina yaliyopotea: namna ya kuona kilichobadilishwa

Ninyi mlio Butembo na Beni mnaijua siku ya kusoma orodha. Watu wanakusanyika mbele ya kanisa au shule, mtu mmoja anasimama na karatasi na kuita majina. Walioitwa wanasogea upande mmoja, wasioitwa wanabaki wakitazamana. Katika kartie moja ya Butembo sisi ndio tuliokuwa na karatasi hiyo, na mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti akatuuliza: “Mwanangu, juma lililopita uliniandika nikikuangalia. Leo jina langu limeenda wapi?”

Hatukuwa na jibu. Saa ile ile maneno yakaanza: chefu wa avenyu ameuza nafasi, kamati ya wakimbizi imeingiza ndugu zake, wenyeji wamejiandika mahali pa wageni. Jioni chefu yule alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Orodha ilikuwa imeandikwa kwenye daftari, ikapigwa kwenye kompyuta, ikatumwa ofisini, ikarudi. Tulikuwa bado na faili ya kwanza. Tukaziweka faili mbili katika programu inayolinganisha hati, na kwa dakika chache tukaona: majina 23 yaliyofuatana yametoka yote pamoja. Ukurasa mmoja wa daftari ulirukwa wakati orodha ilipopigwa upya, na aliyeurukia ni mtu wa ofisi yetu. Hakuna aliyeuza kitu. Lakini programu ilionyesha pia majina mawili yaliyoongezwa, ambayo hakuna mtu katika kamati aliyeyafahamu. Kuhusu hayo ilitubidi kwenda kuuliza, na maswali hayo hayakupendeza wote.

Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa kazi ya programu hizo, kusudi kamati na viongozi waweze kuitumia wenyewe bila kutungoja.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1974 Douglas McIlroy, aliyefanya kazi Bell Labs huko Marekani, alitengeneza programu iitwayo diff. Inasoma faili mbili, inatafuta mfuatano mrefu zaidi wa mistari iliyo sawa pande zote mbili, kisha inatoa ile isiyo na mwenzake: huu umeondolewa, huu umeongezwa. Programu za siku hizi zinafuata wazo hilo hilo, ila zinashuka mpaka kwenye neno moja moja na kutia rangi.

Kompyuta nyingi za kwetu zina maneno ya Kifaransa. Kwenye Word, fungua sehemu ya Révision, bonyeza Comparer, kisha onyesha hati ya zamani na hati mpya. Kilichoondolewa kitapigwa mstari katikati, kilichoongezwa kitapigwa mstari chini. Kwenye LibreOffice, ambayo hailipiwi, fungua kwanza hati mpya, nenda Édition, halafu Suivi des modifications, halafu Comparer le document, na uchague ile ya zamani. Usipokuwa na kompyuta, mwombe mpigaji wa nyumba ya fotokopi afanye mbele yako, halafu afute faili zako ukimwona.

Orodha za majina zina shida yake, na hapa tuseme kwa kirefu. Kwanza, mtu akizipanga upya kwa alfabeti, programu itatia rangi karibu ukurasa mzima, na utadhani kila kitu kimechezewa. Panga orodha zote mbili kwa namna moja kabla ya kuzilinganisha. Pili, sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa kufuata uzazi: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka ni wa tatu, na kadhalika. Katika avenyu moja utapata akina Kambale kumi. Programu haiwajui, inaona herufi tu. Kambale mmoja akiondolewa na mwingine akiwekwa mahali pake, jicho la haraka halitaona kitu. Kwa hiyo kila jamaa ipewe namba yake, na kando ya jina kiandikwe kijiji ilikotoka. Kama orodha iko kwenye Excel, weka ile ya zamani kwenye ukurasa wa pili na utumie fomula NB.SI juu ya hizo namba: ikileta 0, jamaa hiyo haipo upande wa pili.

Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haiwezi kulinganishwa hivi, kwa kuwa kompyuta inaiona kama picha, si maandishi. Wala hati ya Kifaransa haiwezi kulinganishwa na tafsiri yake ya Kiswahili. Hapo wanahitajika watu wawili wanaojua lugha zote mbili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kidole.

Jambo hili haliishii kwenye mgao wa chakula. Mapatano ya shamba kati ya mwenyeji na mkimbizi, au maelewano ya vijiji viwili, yanaweza kugeuka kwa neno moja: “atalima kwa misimu miwili” si sawa na “atalima kwa miaka miwili”. Hata wakubwa hugombana kwa neno. Tarehe 11 Novemba 2013, huko Uganda, serikali ya Kongo na M23 walitazamiwa kutia sahihi, lakini haikufanyika: serikali ilitaka hati iitwe tamko, si mapatano. Ilichukua mwezi mzima, mpaka tarehe 12 Desemba 2013 huko Nairobi, ambapo kila upande ulitia sahihi hati yake. Kuanzia mwisho wa 2021 kundi hilo lilipigana tena, na baada ya Kanyabayonga kuanguka Juni 2024 wengi wenu mlipanda kuja Lubero na Butembo.

Kuna onyo moja. Kwenye intaneti zipo kurasa zinazolinganisha hati bure. Msiweke humo orodha ya watu waliokimbia mauaji. Majina, avenyu na kijiji cha asili vikifika mikononi mwa mwenye nia mbaya, havirudi tena. Fanyeni kazi hiyo kwenye kompyuta isiyounganishwa.

Programu inaonyesha tofauti, haisemi nani ana haki. Na bila toleo la kwanza haina cha kulinganisha. Kwa hiyo siku orodha au mapatano yanapokamilika, yasomwe mbele ya wote, yatiwe sahihi kila ukurasa, na faili ipewe jina lenye tarehe. Nakala moja ibaki kwa chefu, moja kwa kamati ya wakimbizi, moja kwa wenyeji. Katika kartie ile tuliyoitaja, nakala ya tatu inatunzwa na yule mama wa Eringeti. Yeye mwenyewe aliidai.